Herufi Niliyoifuta

Wenzangu,

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru sana, ingawa sijui mtu aliyestaafu anaharakishwa kwenda wapi. Mke wangu ameitundika juu ya friji, na kila nikipita jikoni ananiuliza kama nimeanza kuandika yale mliyoniomba: namna ya kuongoza mradi wa kompyuta tangu siku ya kwanza hadi siku ya kukabidhi. Nilianza mara tatu. Mara zote tatu niliandika "Hatua ya kwanza", kisha nikaenda kunywa chai. Hatua mtazisoma vitabuni, vipo vingi na vizito. Mimi nitawaeleza mradi mmoja tu, ule wa kwanza, na kosa nililolifanya humo. Halimo katika ripoti yoyote, kwa sababu ripoti zote niliziandika mimi.

Mimi ni mtoto wa Uvira. Babu yangu alikuja na bidhaa kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani tuliongea Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka kulala, na baba alikuwa anatusahihisha hata tukiwa tunatafuna. Duka letu liliuza vitenge na vipuri vya baiskeli, na huko ndiko nilikoipatia kazi hii: kila aina ya nati ilikuwa na kisanduku chake, na kila kisanduku kilikuwa na jina lake. Nilipomaliza masomo ya informatique, yaani kompyuta, nilikuja Bukavu nikiamini kwamba dunia yote inaweza kuingia katika visanduku, mradi mtu avitengeneze vizuri. Mashi, lugha ya Bashi wa pande hizo, sikuyajua, isipokuwa salamu, na hata salamu watu walikuwa wanacheka nikizitoa. Hilo mlikumbuke.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya mtaa wa Nguba, yenye bustani inayoteremka mpaka ziwani. Vita vya kwanza vilikuwa vimepita karibuni tu. Watu walikuwa wamekimbia kila upande, na katika kukimbia mikono iliachana. Kanisa likafungua ofisi kwa ajili ya kazi moja: kuandika anayetafuta na anayetafutwa, na kuwakutanisha. Siku yangu ya kwanza directeur, mkubwa wa ofisi, alinionyesha kompyuta mbili zilizofunikwa kitambaa kilichofumwa maua na mke wake, akasema mradi ni wangu, akaenda zake. Kitambaa nilikikunja vizuri nikakiweka pembeni. Kesho yake nilikikuta tena juu ya kompyuta. Tuliendelea hivyo kwa miezi mingi.

Mwalimu wangu katika kazi hiyo hakuwahi kugusa kompyuta. Aliitwa Maman Bernadette, mama mfupi wa Bagira, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na ndiye aliyekuwa anatunza fishi. Fishi zilikuwa kadi za karatasi ngumu, kadi moja kwa kila mtu, zimejaa katika kabati la chuma lenye droo nyingi. Alikuwa na desturi yake. Haandiki jina kabla ya mwenyewe kulitamka, na akishaliandika analisoma kwa sauti mbele yake, halafu anangoja mpaka mtu yule aitikie kwa kichwa. Wasiojua kusoma walikuwa wanaitikia kwa furaha kuliko wote, maana ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia karatasi ikiwataja. Mimi nilimpimia muda kwa saa yangu ya mkononi. Katika ripoti yangu ya kwanza, desturi hiyo niliiandika chini ya kichwa "Upotevu wa wakati".

Nililikagua pia kabati. Karibu kila herufi ilikuwa na droo moja, lakini M ilikuwa na tatu, na nyingi ya kadi zake zilianza na M kisha kialama kidogo juu, kama mkato ulioruka: M'Kahasha, M'Birindwa. Nikamuuliza mbona M imenenepa hivyo.

"Ni majina ya banamuke, Papa Shabani," akasema. "Iko mingi."

Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Kwetu kila mwanamke ni Mama fulani. Basi M' ni kifupi cha Mama, na M'Kahasha ni Mama Kahasha, kitu gani kigumu hapo? Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye habari zake. Ningeuliza swali moja zaidi, barua hii ingekuwa fupi.

Sasa nimlete Papa Bisimwa, kwa sababu bila yeye mradi huu ulikuwa waya na umeme tu. Alikuwa mkulima wa Kabare, mjane, mwenye kofia ya soksi ambayo akiingia ofisini aliivua na kuiweka gotini. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, msichana wa miaka sita, waliyeachana barabarani siku watu walipokimbia. Kila Jumanne alishuka kwa miguu mpaka Bagira, akapanda gari mpaka mjini, akaketi kwenye benchi letu na kuuliza neno moja: "Bado?" Maman Bernadette alifungua droo ingawa alijua jibu, akaangalia kadi moja moja, akamjibu: "Bado, muzee." Mzee alimwachia avokado mbili na kurudi mlimani. Nasema wazi, nilimpenda yule mzee. Nilipokuwa nachora visanduku vya mfumo wangu nilikuwa namfikiria yeye, na siku ambayo mashine itamwambia neno tofauti na "bado".

Mradi ulikuwa haujafika nusu, vita vya pili vikaja. Waporaji walipoingia ofisini walibeba ekrani zote mbili, wakidhani ni televisheni, wakayaacha masanduku ya kompyuta yenyewe chini ya meza. Kitambaa cha maua walikichukua pia, na nadhani directeur aliumia kwa kitambaa zaidi. Kabati la Maman Bernadette walilifungua droo kwa droo, wakaona karatasi, wakazifunga tena vizuri. Kwa muda mrefu baadaye alinikumbusha kwamba mfumo wake haukupoteza hata jina moja. Disketi zangu zilipona kwa sababu yeye ndiye aliyezificha Bagira, zimefungwa katika plastiki, ndani ya ndoo ya unga wa mihogo. Mkiniuliza kuhusu kuhifadhi nakala, hilo ndilo somo langu lote: nakala ikae nyumba nyingine, kwa mtu mnayemwamini, na plastiki iwe nzito. Mimi ninayo bado disketi moja inayomwaga unga ukiitikisa.

Ekrani nyingine zilipopatikana tulianza tena, na safari hii nilipewa msaidizi, Déo, kijana wa Kindu aliyemaliza masomo kwa alama nzuri. Ninyi mnamjua akiwa na kitambi. Wakati huo alikuwa mwembamba na alikuwa anaandika programu huku akiimba Kilingala. Dada wawili wa parokia waliingiza fishi zote kwa mikono, kadi kwa kadi, umeme ukiwepo. Ukikatika tuliwasha jenereta, na jenereta ikikataa tulikaa bustanini tukala sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nawahakikishia kwamba miradi mingi imepangwa vizuri zaidi kwenye sambaza kuliko kwenye mikutano.

Siku chache kabla ya kukabidhi, Déo alinijia ameacha kuimba. Programu yetu ilitumia kile kialama cha juu kuonyesha mahali jina linapoanza na linapoishia. Kwa hiyo ikikutana na M'Kahasha, mashine ilidhani jina limekwisha kwenye M, na yaliyobaki iliyakataa kwa hasira.

"Papa Shabani, machine inaona jina imeisha kwa M," alisema. "Banamuke karibu bote inabakataa."

"Hiyo ni kifupi tu cha Mama," nilimjibu. "Itoe kwenye jina, uiweke kwenye kisanduku cha cheo."

Alikuwa mtu wa Kindu, nami wa Uvira, na dada wawili wa parokia, ambao ni Bashi, tulikuwa tumewapa siku ya kupumzika. Saa sita za Jumamosi zilitosha. M' zote zilifutika, kisanduku cha cheo kikajaa neno "Mama", na mashine ikatulia. Tukapitisha na programu ya pili, ya kuondoa majina yaliyoandikwa mara mbili: jina moja, kijiji kimoja, basi ni mtu mmoja, na habari ya mwisho ndiyo inayobaki. Umri hatukuupa uzito, kwani wengi walikuwa wanaukadiria. Nilitoka ofisini nimejaa majivuno.

Jumatatu ilifika orodha mpya kutoka Uvira, ya watoto waliopatikana wanaishi kwa familia za watu. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba hakuna fishi mpya tena, kila kitu kinaingia moja kwa moja katika mashine. Déo akaiingiza mwenyewe asubuhi ile ile, akazitoa zile M' kama nilivyomwagiza, akapitisha programu ya pili. Maman Bernadette hakuiona orodha hiyo. Aliketi kando ya kabati lake mikono mapajani, na hakuniaga alipotoka.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumanne. Katika mpango wangu, uliotiwa saini na kila mwenye kalamu, jambo la mwisho lilikuwa kuchoma fishi, ili pasiwe na mifumo miwili inayogombana. Pipa lilikuwa limewekwa bustanini, mafuta ya taa pembeni. Orodha ya Uvira na makaratasi ya kazi vilikuwa vimeshatupwa ndani, na droo za kwanza zilikuwa zimewekwa chini kwenye majani zikingoja. Directeur alikuja na suti. Maman Bernadette akasimama mbele ya droo zake.

"Leo ni siku ya muzee Bisimwa," akasema. "Muulizie machine mbele yangu, mara moja tu. Kisha muchome."

Directeur akaniangalia. Sikuona ubaya, tena nilitaka nionekane. Mzee alipofika tulimkalisha mbele ya ekrani, kofia gotini, sisi wote nyuma yake. Alikuwa hajawahi kukaa karibu na kompyuta namna ile, akawa anaitazama kama mtu anayengojea ofisa amalize kusoma. Déo akaandika Bisimwa, Kabare. Mashine ikafikiri kidogo. Nikasoma kwa sauti kilichotokea, neno lile nililolisubiri tangu siku ya kwanza:

"Bisimwa, wa Kabare. Amepatikana. Yuko Uvira."

Mzee aliinama karibu na ekrani. Kisha akasema taratibu, kwa heshima, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake:

"Bisimwa ni miye. Miye niko hapa. Sikupotea."

Déo alicheka kwa woga. Maman Bernadette alivaa miwani akasogea kuangalia, akakuta kwamba kwenye kisanduku cha cheo mzee wa watu, mwenye ndevu zake, ameandikwa Mama. Hapo alicheka kweli, akajishika ubavu. Halafu cheko lilimkatika katikati. Alinigeukia, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Papa Shabani. M' ulizitupa wapi?"

Nikamweleza habari ya kifupi cha Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haiko Mama," akasema. "Mu Mashi, M' ni binti ya. M'Bisimwa ni binti ya Bisimwa."

Mabinti wote wa pande za Kabare, Walungu na Katana nilikuwa nimewafuta na kuwatia ndani ya baba zao na babu zao. Binti ya Bisimwa alikuwa amefika kwenye mashine yetu jana asubuhi, akiwa hai, nasi tukamfanya kuwa baba yake. Safu ya jinsia ingetuokoa, lakini karani aliyeandika ile orodha kule Uvira alikuwa Mushi, mmoja wa Bashi, na safu hiyo aliiacha wazi. Kwake M' ilikuwa imeshasema kwamba ni mwanamke, angeandika mara mbili ya nini?

Karatasi pekee iliyosema kwamba amepatikana, kwa jina lake lilivyo, ilikuwa ndani ya pipa. Nilikimbia. Directeur alinitangulia, sijui kwa miguu gani, akainama na suti yake akaingiza kichwa na mabega yote humo, na miguu ikabaki nje inatafuta ardhi. Tulitoa karatasi moja moja na kuzitandaza kwenye majani. Maman Bernadette ndiye aliyeiona. Aliisoma kwa sauti, kama alivyosoma kila jina maishani mwake, akimwangalia mzee badala ya karatasi:

"M'Bisimwa. Wa Kabare. Miaka kumi hivi. Iko Uvira."

Papa Bisimwa aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena na tena, hata baada ya karatasi kukunjwa.

Lakini Bisimwa wako wengi, na wa Kabare pia wako wengi. Tulikwenda parokiani kwenye phonie, ile redio ya kuongea na vituo vya mbali, tukaomba Uvira wamlete mtoto. Kesho yake alikuwa upande wa pili, katika makelele yale ya hewani. Sauti yake haikusikika vizuri, mtu wa phonie ndiye aliyekuwa anatupitishia maneno. Tulimwambia mzee aulize kitu ambacho mtoto wake tu anaweza kukijua. Alifikiri, akageuza kofia mikononi.

"Mumuulize mbuzi yetu ilikuwa naitwa nani."

Tulingoja. Nimengojea mengi katika kazi hii, mashine ziwake, wakubwa wasaini, barabara zifunguke, lakini sijawahi kungojea jina la mbuzi namna ile. Phonie ikakwaruza.

"Anasema Komiseri," sauti ikatangaza kutoka Uvira. "Tunarudia, mbuzi ni Komiseri."

Mzee aliketi chini sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka, akatueleza kwamba mbuzi yule alipewa jina hilo la mkubwa wa serikali kwa sababu alikuwa anakula vya watu wote na hakuna aliyethubutu kumfunga. Nililia na mimi, na sioni haya kuandika hivyo.

Barabara ilikuwa mbaya na yenye vizuizi, kwa hiyo mtoto alingojea wiki kadhaa. Kaka yangu, aliyebaki Uvira na duka letu, alikuwa anapita kumsalimia na kutuma habari. Wakati huo sisi tulikuwa tunalipa dhambi. Tulirudi kwenye ile ndoo ya unga, ambamo tuliendelea kuweka nakala kila wiki, tukachukua disketi za kabla ya ile Jumamosi, Déo akaandika programu upya ili kialama kikubalike, na majina yote tuliyasoma kwa sauti, mmoja ameshika fishi na mwingine ameketi kwenye ekrani. Mradi ulichelewa miezi mitatu. Katika ripoti niliandika "sababu za kiufundi". Fishi hazikuchomwa, na pipa Maman Bernadette alilichukua kukingia maji ya mvua. Ile desturi yake ya kusoma jina mbele ya mwenyewe niliihamisha kutoka "Upotevu wa wakati", nikaifanya kanuni ya kwanza ya mfumo. Ndiyo ile mnayoifuata hadi leo, na mnayoinung'unikia foleni ikiwa ndefu.

Walikuja pamoja siku ya Jumanne, bila shaka. Msichana alikuwa mrefu kuliko nilivyomwaza, amevaa gauni alilopewa na mke wa kaka yangu, na alikuwa ameshika kofia ya baba yake kwa mkono mmoja na baba mwenyewe kwa mwingine. Maman Bernadette alimwandikia fishi, ingawa nilikuwa nimezikataza, akamsomea, na mtoto akaitikia. Kisha Déo akaandika M, kialama, Bisimwa, na mashine ikapokea bila kununa.

Ilibaki kurekebisha jina la baba, ambalo peke yake tulilihamisha jinsi lilivyokuwa siku ya kukabidhi, ili tulirekebishe mbele yake. Cheo cha Mama nilikwisha kukiondoa, lakini kile kisanduku cha hali, kinachosema kama mtu amepatikana, kilikuwa bado na kosa letu. Nikamwomba mzee radhi na kumwambia sasa ninalifuta. Akauliza pameandikwa nini hasa. Nikamsomea kwa sauti, kama nilivyofundishwa: Bisimwa, wa Kabare, amepatikana.

Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi.

"Acha vile," akasema. "Sasa iko kweli."

Niliacha. Tumebadilisha mfumo mara nne tangu siku ile, na kila mara programu ya ukaguzi inalikamata jina hilo na kulalamika kwamba mtu huyu amepatikana bila kutafutwa na mtu yeyote. Kila mara nimebonyeza ipite. Déo anajua, lakini Déo naye atastaafu. Ndiyo maana nimeandika yote haya, enyi mnaobaki na funguo: likiwajia, msilirekebishe.